Pua ya Mdogo Wangu

4 Machi

Mdogo wangu Pua,

Salamu zitangulie, malalamiko yafuate. Huku ni wazima wa kuweza kusimulia. Magoti yananilaumu kila nikipanda zile ngazi tatu za mlangoni, uzi natungiwa na jirani, lakini cherehani bado inazunguka na wateja wa kupunguza suruali hawajanikimbia. Wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Mwambie lile koti lake la kijivu nimelitia bitana mpya, atakuja kulichukua au litamfuata.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako ni ndiyo dada, sawa dada, nipo juu ya dari dada, halafu imekatika. Barua huwezi kuikata. Tena mama alituapisha siku ulipoondoka kuwa tutaandikiana, na mimi sitaki kuwa wa kwanza kuvunja kiapo.

Sasa habari yenyewe. Mpwa wako amejifungua mtoto wa kiume, wiki tano kabla ya siku zake. Ni mzima, ila kifua chake ni chepesi, na daktari amesema mafua ya kawaida kwa mwingine, kwake ni safari ya hospitali. Mkwe wangu amehamishiwa kazi huku kwetu, kwa hiyo kuanzia mwezi wa saba wanataka kuja kukaa hapa nyumbani, wote watatu, katika chumba cha nyuma. Nimefurahi mpaka nikashona mapazia kabla ya kupima madirisha. Tangu mama aondoke ni miaka sita, na miaka yote hiyo mwenzangu wa kuongea naye ni cherehani.

Lakini binti yangu amesikia kwamba nyumba kongwe zina kuvu, na kuvu haipatani na vifua vya watoto. Anasema hataingia mpaka mjomba wake aikague nyumba na kumwandikia kwa mkono wake kwamba ni salama. Nikamwambia nyumba hii ndiyo iliyotulea. Akanijibu kwamba anataka neno la mjomba tu.

Kwa hiyo njoo uinuse. Si wewe uliyenusa madaftari yangu chini ya godoro, yale yaliyoniangukia mtaroni nikayaficha yamelowa? Ulikuwa na miaka saba. Ulisimama katikati ya chumba, ukainua uso, ukasema mbele ya mama kwamba kuna kitu kinaoza kwa dada. Ulinichongea, nikachapwa mimi, na wewe ukapata jina la Pua. Jina hilo limekuwa kazi yako mpaka leo. Mimi bado sijakusamehe.

Dada yako


27 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilikaa siku nne chini ya mlango wa ofisi, maana ofisi sikuiona wiki nzima. Wifi yako anakusalimu na koti analisubiri. Hongera kwa mjukuu. Mpe mama yake pole na hongera kwa pamoja, kwa sababu anastahili zote mbili.

Mimi nipo, nimechoka tu. Si ule uchovu wa kulala ukaisha. Mvua zikizidi na simu zinazidi. Jana nilikuwa kwa mjane mmoja, nimelala kifudifudi chini ya sinki lake la jikoni, tochi mdomoni, naye kasimama juu yangu akinieleza kwamba harufu ile ni ya mbwa. Nikamwomba amtoe mbwa nje. Akasema mbwa alikufa miaka mitatu iliyopita. Nikaandika kwenye fomu: bomba la kutolea maji linavuja. Ndivyo siku zinavyokwenda.

Watu wanadhani kazi yangu ni kutafuta kuvu. Kuvu ni shahidi tu, mkosaji ni maji. Ukiifuta kuvu bila kutafuta maji yanakotoka, umemfukuza shahidi na mwizi umemwacha ndani. Ndiyo maana nakuomba jambo moja mpaka nitakapofika katikati ya mwezi wa tano: usiguse kitu. Wenye nyumba wote nawaona wana ugonjwa mmoja. Wakisikia mkaguzi anakuja, wanasugua kuta, wanapaka rangi, wanasafisha nyumba kwa ajili ya mtu anayekuja kuangalia uchafu. Kisha wananiuliza nimeona nini.

Nakumbuka ule ukuta wa chumba cha nyuma unaopakana na bafu ulikuwa na doa chini, upande wa kabati. Bado lipo? Limekua? Lipime kwa tepu yako ya kushonea, uniandikie urefu na upana.

Kuhusu kunusa, siku hizi tuna kipima unyevu. Ni kifaa kidogo chenye sindano mbili, unakichoma ukutani kinakupa namba. Mambo ya pua ni ya zamani.

Mdogo wako


19 Aprili

Pua,

Tunamshukuru Mungu, tunaamka. Mjukuu ameongezeka uzito, picha yake nimeibandika juu ya cherehani na wateja wote wanalazimishwa kuitazama kabla ya kupimwa. Jirani wa kulia amevunjika mkono, jirani wa kushoto alikuwa msibani. Ndiyo maana barua yako imenifikia tarehe kumi na mbili, mpeleka barua aliiacha kwake naye aliifungia ndani. Ingefika mapema kidogo ingekuwa na faida zaidi. Ndiyo hivyo tena.

Umeniuliza kuhusu ukuta. Ukuta upo, umesimama. Tepu siioni, nadhani kuna mteja aliyeondoka nayo shingoni.

Kifaa chako chenye sindano kiache huko. Sindano hapa zipo za kutosha. Nimeshawaambia majirani kwamba mdogo wangu si wa mashine, akiingia mlangoni tu anakwambia juzi ulipika nini. Wanakusubiri kwa hamu, na mwenye mkono uliovunjika ameapa atakuficha kitunguu aone kama utakinusa. Usiniaibishe.

Njoo na viatu vya kawaida, yale mabuti yako ya kazini yanachafua zulia.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilifika salama, nikakuta foleni ya nyumba saba, kwa hiyo nisamehe kuchelewa kuandika. Wifi yako amelivaa koti siku ileile, ingawa jua lilikuwa kali. Nashukuru kwa siku mbili za kupumzika. Nililala kwenye kitanda changu cha zamani miguu ikining'inia, na bado nililala vizuri kuliko kwangu.

Kama tulivyoongea mezani, nimemwandikia mpwa wangu. Nakala hii hapa, uitunze: "Nimekagua nyumba ya wazazi wetu, vyumba vyote vinne, jiko, bafu na dari. Sikukuta kuvu wala unyevu. Chumba cha nyuma kina rangi ya mwaka mzima na doa la zamani halijarudi. Ni kikavu na kinamfaa mtoto. Mjomba wako."

Kama ulivyoniambia, rangi ni ya mwaka jana, na doa likikaa mwaka mzima bila kurudi, maji yalishakauka. Mabomba ya zamani yana mambo yake, mengine hujiziba kwa kutu.

Wasalimie majirani. Yule wa kitunguu mwambie alishinda kwa sababu nilikuwa na mafua.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Leo siandiki salamu ndefu, nyumba yote ni salamu. Wamefika. Nepi zimetanda kamba nzima, mkwe wangu anaimba bafuni, na binti yangu amenipangia upya vyombo vya jikoni mpaka sijui kijiko kilipo. Sijalalamika hata kidogo. Karatasi yako ameikunja mara nne, anaiweka kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Chumba wamekipenda. Mtoto anakohoa kidogo, nimesema ni kubadilisha hewa.

Wewe afya yako vipi? Tangu uondoke nawaza yale maziwa. Nilikuwa nje naanua nguo nikasikia harufu ya kuungua, nakuja mbio nakukuta umekaa hatua mbili kutoka jikoni, unasoma gazeti, na sufuria imekwisha kuwa nyeusi chini. Hujashtuka mpaka nilipokupita. Nikasema huyu amechoka kuliko anavyosema. Pumzika.

Halafu kuna neno nilishindwa kulisema ukiwa hapa, tukatazamana tukaliacha. Nakushukuru kwa lile ulilolinyamazia. Umenilipa yale madaftari. Sasa tumekuwa sawa, nimekusamehe na miaka yake yote.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Nafurahi kwamba nyumba imejaa.

Kuhusu maziwa, nilikuwa nimezama kwenye gazeti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimenyamazia nini? Sikumbuki kunyamazia kitu. Niandikie wazi. Na huyo mtoto anakohoa wakati gani? Anakohoa popote, au akiwa chumba cha nyuma tu? Usinijibu kwamba ni hewa, nijibu nilichouliza.

Mdogo wako


21 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu utajaza mwenyewe.

Mtoto yuko wodini, mara ya pili mwezi huu. Kifua kilibana, midomo ikabadilika rangi. Sasa anapumua vizuri, lakini hawajamruhusu. Unauliza anakohoa wapi. Anakohoa chumba cha nyuma. Mchana nikikaa naye barazani anacheka tu, akirudishwa kulala anaanza.

Sijui kwa nini unanifanya niseme jambo ambalo unalijua. Labda unataka nilitamke kwa mdomo wangu, basi nalitamka. Wiki ya kwanza ya Aprili nilisogeza kabati nipime mahali pa kitanda cha mtoto. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kama chini ya sufuria, kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno changu. Nilikaa chini nikautazama. Nikajua binti yangu akiona vile haji. Nikasugua siku mbili, nikapaka rangi ya mafuta mara mbili. Barua yako ya usiguse kitu ilifika wakati rangi bado ipo kwenye kucha.

Ulipokuja ukasimama mbele ya ukuta ule, ukauliza imepakwa lini. Nikasema mwaka jana. Harufu ya rangi ilikuwa bado inaniumiza kichwa mimi, mtu wa kawaida, na chini ya ile rangi ilikuwepo harufu ya pili, ile ya kuoza. Ukainua uso wako kama siku ile ya madaftari. Nikaogopa kama mtoto. Ukasema, "Sawa dada." Basi. Nikajua umenusa yote, na safari hii umeamua kutonichongea. Nilikwenda jikoni nikalia, nikisema ni kitunguu.

La kuvunda halina ubani. Rangi imeanza kutoka malengelenge, nimerudisha kabati mbele yake. Juzi daktari aliuliza kama kuna unyevu nyumbani. Binti yangu akafungua mkoba, akatoa karatasi yako, akasema mjomba wake ni mkaguzi wa nyumba. Daktari akaisoma, akamrudishia, akasema basi si hilo, tutafute kingine. Nilikuwa nimekaa palepale nimeshika chupa ya chai.

Nakuomba unisaidie tena. Andika karatasi nyingine, sema umefikiri upya, sema lolote la kitaalamu. Neno lako watalifuata watoke chumbani, na mimi sitalazimika kusema. Mtoto akiwa bado wodini nina siku chache za kuwa mwoga.

Dada yako


28 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Saa nne na robo nilikuwa nimeshampigia simu mpwa wangu. Mtoto harudi kwenye nyumba hiyo. Wakiruhusiwa wanakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha rafiki wa mkweo, na wewe toka ukalale kwa jirani mpaka fundi abomoe ukuta. Hilo limekwisha, sasa nikae niandike lile lisilosemeka kwenye simu.

Sikunusa kitu, dada.

Ni miaka miwili sasa. Nilipata homa ya wiki tatu, nikapona, harufu haikurudi. Mwanzoni nilisema itarudi. Daktari mmoja akasema labda ni homa, labda ni vumbi la miaka yote, na akasema nisiitegemee tena. Anayejua ni wifi yako tu, ndiye anayeninusia maziwa na mashati. Mara ngapi ameniambia nimwambie dada yangu. Nikawa nasema nitamwambia nikienda.

Kazini nimeficha kwa kipima unyevu. Lakini kile kifaa hakijui pa kuchomwa, kinapima pale unapokielekeza tu, na siku zote pua ndiyo iliyokuwa ikinielekeza. Kwa hiyo nimekuwa nikichoma huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nyumbani kwetu hata hicho sikukitumia. Kilikuwa kwenye begi, nilikibeba ingawa ulinikataza. Mlangoni uliwaambia majirani huyu hana haja ya mashine, wakacheka, yule mwenye mkono uliovunjika akanipigia makofi kwa kiganja kimoja pajani. Nikaona aibu kukitoa. Mtu mzima wa umri wangu, dada, mwenye kazi ya miaka thelathini, nimeona aibu kufungua begi.

Pale ukutani niliinua uso kwa mazoea tu. Nilikuwa naomba harufu ije. Ukasema rangi ni ya mwaka jana nikashukuru, kwa sababu umenipa cha kuandika. Nilimwandikia mama wa mtoto mgonjwa kwamba chumba ni kikavu, wakati sijui chochote.

Nimemwambia mpwa wangu hivyohivyo. Nimemwambia mjomba wako amepoteza pua, hakutumia kipimo, na alichoandika ni uongo. Kisha akaniuliza kama najua mtoto ameingizwa mpira wa hewa puani mara ngapi. Nikasema sijui. Akakata simu, na ana haki.

Rangi sikuitaja. Hajui, na kwangu hatajua. Ulinisamehe kwa ajili ya ukimya ambao sikuwa nao. Sasa ninao, uupokee.

Kesho naanza kurudi kwenye nyumba zote nilizokagua tangu homa ile. Nimezihesabu, ni arobaini na tatu. Nitagonga kila mlango na kueleza.

Fundi akiubomoa ukuta, naomba uniandikie unanukaje.

Pua, kama bado naruhusiwa jina hilo


6 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Wiki ya tano hujanijibu. Jirani yako ameniambia kwa simu kwamba uko mzima na kwamba husemi sana. Mpwa wangu hapokei simu yangu, lakini mumewe alinitumia neno kwamba mtoto ametoka hospitali. Nimekaa kwenye gari nikalisoma mara nyingi.

Nimerudi nyumba kumi na tisa. Mbili nilikosea. Yule mjane wa mbwa alinifungulia, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Mwingine alinifungia mlango usoni. Nimechoka mpaka nikikaa nasahau kuvua viatu. Huna deni la kunijibu, ila niambie tu kama umekasirika.

Mdogo wako


9 Novemba

Mdogo wangu,

Nisamehe. Sikukasirika. Nilikuwa najificha, na mtu akijificha hawezi kuandika barua, maana barua ina anwani.

Sikiliza jinsi nilivyoishi. Binti yangu alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi na mtoto, tunakaa barazani. Jina lako halitaji. Ikitokea nikakutaja anabadilisha maneno, au anamfunga mtoto kofia na kusema wanaondoka. Siku moja alisema mbele yangu kwamba mjomba hatamshika mtoto huyu akiwa yeye yuko hai. Na mimi nikaendelea kukunja nepi. Nilikaa hivyo wiki saba, Pua. Kila Jumamosi nikisema leo, nikifika mwisho wa siku nasema wiki ijayo. Ulikuwa umebeba mzigo wangu umeshaufunga vizuri mgongoni, na mimi nilikuwa nakuangalia unavyokwenda nao.

Fundi alikuja wiki mbili zilizopita. Alichelewa kwa sababu ya mvua, halafu kwa sababu ni fundi. Ilikuwa Jumamosi, binti yangu amemwachia mumewe mtoto akaja kusimamia, maana mimi mafundi wananidanganya. Tumetoa kabati. Fundi akapiga nyundo mara tatu na plasta yote ikashuka kama nguo iliyokatika mshono. Ndani lile bomba la bafu aliloweka baba limepasuka kwenye kiungo, tundu la kuingia punje ya mchele. Limekuwa likidondoka kidogokidogo, Mungu ndiye anajua tangu lini.

Uliniuliza unanukaje. Nimekaa na swali lako siku nyingi nikitafuta maneno, kumbe hayahitajiki mengi. Unanuka madaftari yangu. Ileile, Pua. Karatasi iliyolowa, gundi, na pamba ya godoro. Nilisimama na vumbi kichwani, nikawa na miaka kumi na moja.

Fundi aliziba pua kwa kola ya shati. Binti yangu akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasema kwa uchungu, "Hata bila pua, mjomba angewezaje kuikosa hii?"

Nikamwambia fundi akanywe maji. Alipotoka nikasema, "Hakuikosa. Nilimfichia. Niliusugua ukuta huu na kuupaka rangi kabla hajafika, nikamdanganya ni ya mwaka jana. Nilitaka uje."

Alichukua ufagio akaanza kufagia plasta, akafagia chumba chote, kisha korido, kisha ngazi za nje ambazo hazikuwa na plasta. Mimi nilikaa kwenye kitanda chako cha zamani. Alipomaliza aliusimamisha ufagio ukutani, akaniambia mtoto atachelewa kunyonya, akaondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ile iliyofuata ni jana, na jana amekuja. Hakuniambia amenisamehe, na sijamuuliza. Alimlaza mtoto mapajani pangu, akatoa kwenye mkoba ile karatasi yako iliyokunjwa mara nne, akaniuliza ile anwani ya juu bado ni yako. Nikasema bado. Subiri barua, na usitegemee iwe tamu.

Mtoto amelala mapajani pangu saa nzima. Nilimsikiliza kila pumzi kama ninavyosikiliza cherehani mpya. Haina mkwaruzo.

Sasa zile nyumba zako, ishirini na nne zilizokuwa zimebaki ulipoandika. Nimefunga kazi za wateja mpaka mwisho wa mwezi. Nitakuja wiki ijayo, mwambie wifi yangu aniandalie mahali pa kulala pasipo na ngazi. Macho yangu ni ya kuazima na magoti ndiyo hayo, lakini pua ninayo, nzima kabisa, sikuwahi kuitumia kwa lolote la maana. Wewe utashika kipimo, mimi nitakuonyesha pa kuchoma. Watu wakiuliza huyu mama ni nani, waambie ni dada yako, usiwaambie zaidi.

Siku ya madaftari ulinichongea wewe, nikachapwa. Safari hii nimejichongea mwenyewe. Hakuna aliyenichapa, na imeuma kuliko ile.

Dada yako